Mtu Aliye Hewani Haguswi

Dorcas mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda soko kuu kutafuta chandarua na ndoo yenye kifuniko, na najua mtachelewa, maana mama yako hanunui kitu bila kwanza kukitukana. Nimepata meza, nimepata kalamu, nyumba imetulia. Mambo ya kila siku sitayagusa. Maji ya kunywa kwenye boti, mahali pa kulala, nani wa kumsalimia Kinshasa na nani wa kumpita kana kwamba hukumwona, hayo yote mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mara ya nne itakuwa kesho bandarini mbele za watu. Mimi nimebaki na neno moja tu, na hilo nimelichelewesha miaka kumi na tisa, yaani umri wako wote.

Nitaliandika kama ninavyofungua mota ya boti, kipande baada ya kipande, kila kimoja nakiweka juu ya gazeti nisije nikakipoteza. Usiniharakishe. Ukinijua vizuri, unajua kwamba nikiharakishwa naacha skrubu nje.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunakula lituma, ndizi zetu za kutwanga, wewe ukapata ujumbe kwenye simu. Chuo cha Kinshasa kilikuwa kimekwisha kukukubali, sasa ilikuwa zamu ya timu ya raga ya wasichana, nayo ikakukubali pia. Ulipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Halafu ukasoma jina la mwalimu wa timu, ukaiweka simu kando ya sahani. Ilunga. Aliyekulia kambi ya jeshi ya Kapalata, hapa hapa Kisangani.

"Papa, ni ye," ulisema. "Ni ule mutu wa Kapalata aliharibisha tonton Ramazani."

"Inawezekana," nikasema.

"Bon. Nitacheza kwake juu timu iko yake. Lakini mukono sitamupa. Hata siku moja."

Mama yako akasema heshima ni heshima, mkubwa anasalimiwa. Mimi niliomba nipewe chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na mama yako alidhani ni kwa sababu unaondoka. Hiyo nayo ni kweli. Nitakukosa kuliko nitakavyoweza kuonyesha, kwa hiyo naiandika mara moja hapa, iwe imesemwa.

Hadithi ya tonton Ramazani unaijua kama inavyosimuliwa na kila mtu. Unamwita tonton, mjomba, lakini si ndugu yetu wa damu. Ni rafiki yangu tangu shule, mtoto wa mafundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, na alikuwa mrukaji bora tuliyewahi kuwa naye katika timu yetu. Mpira ukitoka nje ya mstari, tunapanga ile tunayoiita touche: timu mbili zinasimama katika safu mbili zinazotazamana, mmoja anarusha mpira katikati, na katika kila safu wawili wanamwinua mwenzao juu audake. Ramazani alikuwa mwepesi, na huko juu alitulia kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Katika mechi yetu na vijana wa Kapalata, akiwa hewani, akavutwa na Ilunga. Akaanguka vibaya. Mkono wake wa kushoto ukafa. Ndiyo maana leo anapima na kukata nguo kwa mkono mmoja, na mke wake ndiye anayeshona.

Hivyo ndivyo inavyosimuliwa. Hivyo ndivyo Ramazani mwenyewe alivyokusimulia, ulipokuwa na miaka kumi na miwili ukikaa chini ya meza yake kuokota vipande vya vitenge. Na hapo hapo alikufundisha sheria ya kwanza ya mchezo huu, kabla hujaugusa mpira: mtu aliye hewani haguswi. Huwezi kumkaba, huwezi kumsukuma, huwezi hata kumshika shati. Unamngoja ateremke, miguu yake iguse ardhi, ndipo unamkamata. Sheria hiyo ni nzuri na ni ya kweli. Ishike.

Acha kwanza nikuambie jambo jingine, dogo kidogo, kwa sababu nataka mikono yangu izoee kuandika ukweli kabla sijafika kwenye ule mkubwa.

Mwaka jana ulimkamata msichana mmoja wa Lubunga shingoni. Hukukusudia, uliinuka mapema mno, mkono ukapita juu ya bega lake. Mwamuzi alikutoa nje kwa kadi ya njano, nami nikakugombeza njia nzima, wewe juu ya toleka moja, mimi juu ya toleka nyingine, waendesha baiskeli wetu wawili wakisikiliza kwa furaha. Ulisema nimekuaibisha. Nilikuaibisha, ndiyo. Nilikuwa nikipigia kelele kitu ambacho hukukijua.

Nilipokuwa na umri wako nilimkaba mtu mkubwa kuliko mimi, na kichwa changu kikawa upande usiofaa, mbele yake badala ya nyuma yake. Unajua inavyotakiwa: shuka chini, macho wazi, shavu ligande kwenye paja lake upande wa nyuma, mikono imzunguke, mlale naye. Mimi niliweka kichwa mbele, goti lake likanikuta. Niliamka, nikacheza. Nilitapika nyuma ya goli nikasema ni makayabu, samaki wa chumvi, niliyokula. Jioni sikukumbuka jina la barabara ya kwetu, nikazunguka mtaani nikimwuliza kila mtu habari za familia yake ili asijue kwamba nimepotea. Kwa siku mbili nilisikia kama nimefungiwa ndani ya pipa. Sikumwambia mtu yeyote. Wenzangu walinisifu kwamba nina kichwa kigumu, nami nikapenda sifa hiyo kuliko kichwa chenyewe.

Kwa hiyo ukigongwa kichwa, Dorcas, toka. Usimngoje mwalimu akuone. Usiseme ni chakula. Hilo nimelilipia, huna haja ya kulilipia tena.

Umeona kwamba katika kisa hicho nilidanganya na hakuna aliyeumia ila mimi. Nadhani ndipo nilipojifunza kwamba uongo wangu unaaminika. Nina sura ya mtu mkweli. Mama yako alikuwa akiniambia hivyo mpaka jana.

Sasa nakuja kwenye kile kipande kikubwa.

Unajua kwamba mimi nilizaliwa kwenye maporomoko ya mto. Babu yako alikuwa na nafasi yake kwenye miti, ile miti mikubwa iliyopachikwa ndani ya mawe katikati ya maji yanayokimbia na kufungwa kwa kamba za msituni, ambako vikapu vya kuvulia vinaning'inia. Nilianza kupanda nikiwa na miaka saba. Miti huwa imelowa kila wakati, miguu ni mitupu, na kikapu kikijaa wanakivuta watu wawili pamoja. Babu yako hakuwa msemaji, lakini kulikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukaliota.

"Ukiteleza, fungua mikono," alisema. "Maji itakubeba, utaogelea, utatokea kule chini. Ukimushika mwenzako, mutaenda wawili na hakuna mwenye kutokea."

Niliteleza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mwanzoni nilikuwa nawaza: nimeteleza, nifungue. Baadaye sikuwaza tena. Mguu ukikosa kitu cha kukanyaga, mikono ilifunguka yenyewe, kama jicho linavyofumba likiona vumbi. Kwetu hiyo ilikuwa adabu. Mtoto aliyemng'ang'ania mwenzake alichapwa, hata kama wote wawili walitoka wazima.

Nilipoingia timu ya raga walinifanya mwinuaji, kwa mabega haya haya uliyoyarithi. Mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya filimbi. Aliniangalia siku za kwanza, akaona kitu ambacho wengine hawakukiona.

"Augustin," alisema, "unamuinua, unamulinda, unamushusha. Ni tatu. Mbili haitoshi. Na ukiteleza, usimuache. Kaa chini naye. Weye uwe godoro yake."

Alipanga mazoezi ya siku ya mvua, makusudi, tuinuane kwenye matope tujifunze kuteleza bila kuachia. Wenzangu walikwenda. Mimi nilibaki kwenye ukuta, nikiwa nimevaa viatu vikavu. Nikamjibu mbele ya wote, "Mwalimu, mi ni mutoto wa maporomoko. Nani atanifundisha kuteleza?" Walicheka sana. Na yeye alicheka. Nilikuwa mtu wa kuchekesha wakati huo, muulize mama yako.

Siku ya mechi na Kapalata mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Uwanja ulikuwa udongo mwekundu wenye utelezi kama sabuni. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi mitano, alikuwa amekaa kwenye jiwe chini ya mwavuli na alitaka kurudi nyumbani. Tulikuwa karibu kumaliza, touche karibu na mstari wao. Mimi nilikuwa mwinuaji wa nyuma, mwenzangu mmoja wa mbele, Ramazani katikati yetu. Akatupa jicho, tukamwinua. Akapanda vizuri kabisa, akaushika mpira kwa mikono miwili. Nakumbuka nilifurahi.

Kiatu changu kikateleza. Mikono yangu ikafunguka.

Ni hivyo tu, Dorcas. Hakuna kingine. Sikuamua na sikuogopa, sikupata hata nafasi ya kuogopa. Mwenzangu wa mbele alikuwa bado amemshika, kwa hiyo Ramazani alipinduka, miguu ikapanda, kichwa kikashuka. Ilunga alikuwa amesimama katika safu yao, mbele yetu, hakuwa ameruka. Alituona kabla ya mtu mwingine yeyote. Akavuka ile nafasi iliyo katikati, akanyoosha mikono yote miwili, akamdaka Ramazani kwenye kiuno na shati. Hakuweza kumzuia, maana mtu anayeanguka kwa kasi ile ni mzito. Alimgeuza tu kidogo. Ramazani akaangukia bega badala ya utosi.

Daktari alisema baadaye kwamba kuna kitu kilimgeuza kabla hajagusa ardhi, na kwamba bila hicho tungekuwa tunazungumza habari za mazishi. Watu wakaelewa kinyume. Wakasema, mnaona, amemgeuza.

Mwamuzi alikuwa upande mwingine. Alichokiona ni mikono ya mtu wa Kapalata juu ya mtu aliye hewani. Akatoa kadi nyekundu papo hapo, na kwa alichokiona hakukosea sheria. Watu waliingia uwanjani. Wakati ule mji ulikuwa bado na kinyongo na kila kilichotoka kambini, na sababu za kinyongo hicho zilikuwa za kweli, ila Ilunga hakuwa mojawapo. Baba yake alikuwa askari. Yeye alikuwa mwanafunzi aliyependa mchezo. Walimpasua mdomo kabla wenzake hawajamrusha juu ya lori.

Jumanne iliyofuata kamati ya raga ikakaa. Nikaitwa, kwa sababu nilikuwa karibu kuliko wote na kwa sababu nina hii sura.

"Augustin, weye ulikuwa pale. Alimuvuta, ao hakumuvuta?"

"Alimuvuta," nikasema.

Ilunga alikuwa amekaa kwenye benchi, mdomo umevimba. Alikuwa amekwisha kusema yake, kwamba alikuwa anamshika asianguke, na mmoja wa wazee wa kamati alikuwa amecheka. Aliponisikia hakupiga kelele. Aliniangalia akasema maneno mawili: "Weye unajua." Akafungiwa miaka miwili. Mwaka huo kulikuwa na uteuzi wa wachezaji wa kwenda Kinshasa, na jina lake lilikuwa juu ya orodha, likafutwa. Baadaye baba yake alihamishwa, wakaondoka. Nilipopata habari hiyo nilishusha pumzi.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka mingi na majibu yangu yanabadilika. Siku ile niliogopa kaka zake Ramazani, waliokuwa watano na wote wakubwa. Niliogopa mama yako asikie hilo akiwa katika hali ile. Halafu nikajiambia nitasema Ramazani akitoka hospitali. Alipotoka, nikajiambia nitasema akizoea. Alipozoea, alikuwa ameanza kuniita ndugu. Kila Jumamosi nilikwenda kwake, nikambebea majora ya vitambaa, nikamtengenezea meza ya kukatia yenye kishikizo ili afanye kazi kwa mkono mmoja. Mtaa mzima ulinisifu. Wamama walikuwa wakisema, rafiki kama Augustin hapatikani. Kila sifa niliipokea. Nikaona ya kwamba nikisema sasa, nitakuwa mbaya zaidi ya vile ningekuwa siku ile ya Jumanne, na hesabu hiyo ilizidi kila mwaka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sikuambii hivi ili unihurumie.

Nilikufundisha kuinua wenzako kwa ukali ambao ulikuchosha. Unakumbuka yule msichana mwembamba, Mado, mliyekuwa mnamwinua nyuma ya shule wakati wa mvua, na mimi nikikumwagia maji miguuni ili uteleze? Ulianguka chali mara ngapi, yeye juu ya kifua chako? Ulilia, ukasema papa yako ni kichaa. Nilikwambia rudia. Nilitaka mwili wako ujue kabla ya akili yako, kama wangu ulivyojua, lakini ujue kinyume. Nadhani unajua. Siku ile ya fainali uliteleza mbele ya macho yangu, ukashuka chini na Mado akaketi juu yako mzima, akicheka. Kila mtu alikuwa akiangalia mpira. Mimi nilikwenda nyuma ya ukuta nikalia, kisha nikarudi nikasema jua lilikuwa kali.

Juzi, Jumanne, nilikwenda kwa Ramazani. Alikuwa anakata suruali ya mtu. Nikasimama upande wa pili wa meza, ile niliyomtengenezea.

"Ramazani," nikasema, "ile siku haikukuwa Ilunga. Ni miye niliteleza. Nilikuachia."

Mkasi uliendelea mpaka mwisho wa mstari wa chaki. Akauweka chini.

"Na mikono ya Ilunga?"

"Ilikuwa inakupokea."

Alikaa. Mke wake alisimamisha cherehani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa na ule mkono mmoja, na ningeona nafuu. Yeye aliuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Unajua mi nafanya nini kila Ijumaa?" akasema. "Nikiisha kuswali, namuomba Mungu amulipe ule mutu. Kila Ijumaa, Augustin. Mutoto wako alizaliwa, akakomaa, mi niko naomba tu. Donc nilikuwa namulaani mutu aliniponesha?"

"Ndiyo."

"Hii mukono nilishaizoea. Lakini zile dua, nani atazirudisha?"

Niliokota kipande cha chaki kilichoanguka, nikakirudisha mezani.

"Toka kwanza," akasema. "Sisemi usirudie kwangu. Nasema toka."

Nikatoka. Kesho atakuja bandarini kukuaga, ameniambia hivyo kupitia mke wake, kwa sababu wewe ni mtoto wake na hilo halibadiliki. Atasimama mbali nami. Usishangae na usijaribu kutupatanisha mbele ya watu. Anayo haki ya kusimama anapotaka.

Jana niliandika barua kwa kamati, ukurasa mmoja, nikaipeleka kwa mikono. Katibu ni kijana, alinitazama kama mtu aliyeleta habari za wafalme wa kale. Alisema atawasomea. Halafu nikampigia Ilunga, kwa ile namba iliyokuwa kwenye ujumbe wako.

"Mi Augustin," nikasema. "Wa Kisangani. Wa ile touche."

Nilisikia filimbi kwa mbali na wasichana wakicheka. Nikasema yote. Halikuchukua muda, ukweli wake ni mfupi mno.

"Ramazani anajua?" akauliza.

"Anajua. Nilimuambia jana."

"Jana," akarudia. "Na kamati?"

"Nimebaandikia."

"Bon. Mutoto wako anacheza wapi kwenye touche?"

"Anainua."

"Nani alimufundisha?"

"Ni miye."

"Alors nitaanza naye kwa sifuri," akasema. "Akuye kwenye timu. Weye usinipigie tena." Akakata.

Kwa hiyo nafasi yako ipo. Nilijua kwamba ningeweza kukupotezea hiyo nafasi kwa simu ile, na nikapiga, bila kukuuliza. Hilo nalo unaweza kunilaumu. Sikuona njia nyingine: kukupeleka kwake ukiwa umefunga mkono, na yeye akijua kwa nini umeufunga, na mimi nikiwa hapa nakula samaki wangu kwa amani, hilo lilinishinda.

Akikuanzisha kwa sifuri, anza kwa sifuri. Akikuambia shika hivi, shika hivyo, hata kama ulikuwa ukishika hivyo tangu zamani. Usimwambie kwamba papa yako alikufundisha vizuri. Huenda nilikufundisha vizuri kweli, lakini si mimi wa kulisema mbele yake na wewe usinisemee. Na ukifika, usingoje akusalimie. Nenda wewe kwanza, mpe mikono miwili kama tunavyowapa wakubwa, mwambie jina langu lote na kwamba wewe ni mtoto wangu. Siku ile uwanjani tulikuwa watu thelathini. Mimi nilikuwa rafiki wa Ramazani, nikafungua mikono yangu. Yeye alikuwa mpinzani, akanyoosha yake.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute boti ikiwa imekwisha pita Yanonge, labda hata Isangi, mahali ambapo huwezi tena kugeuka kuniangalia usoni. Nilikuwa hata nimechagua mfuko. Kesho asubuhi ungenikumbatia bandarini bila kujua unamkumbatia nani, ungesema "Papa, bakia muzuri," nami ningelipokea hilo kama nilivyopokea sifa za mtaa. Nimefikiri, nikaona nitakuwa nimedanganya tena, safari hii kwa mtoto wangu.

Basi utaikuta hapa mezani ukirudi sokoni, jua likiwa bado juu. Mama yako nilimwambia asubuhi, muda mfupi kabla hamjatoka. Ndiyo maana alikuwa kimya njiani, kama uliona. Isome mpaka mwisho. Mimi niko nyuma ya nyumba, nina mota ya mtu ya kufunga, sitakwenda popote. Njoo uniulize unachotaka, nitajibu kila kitu. Au njoo ukae bila kusema. Au usije, na kesho usimame bandarini upande wa tonton Ramazani. Nitaelewa, na nitabeba sanduku lako mpaka kwenye boti hata hivyo.

Nakupenda, Dorcas, na naogopa. Sijawahi kukuandikia neno lolote kati ya hayo mawili.

Mlango wa nyuma nimeuacha wazi.

Papa yako,
Augustin